Acheni Kujenga Uswisi Wajir

Wasee, leo nitasema na mtanuna. Karibu kila reli ndogo ninayoona watu wakijenga huku, ya darasani au ya sebuleni, ina milima ya kijani, theluji na handaki. Halafu mtu anabandika kibango: LAPSSET. Kwani mnaishi wapi?

Shida inaanzia kwa vifaa. Video mnazofuata zinasema nunua bodi za povu, kata, bandika nyasi za plastiki. Basi mzazi anatoa doo, bodi zinapanda basi kutoka Nairobi, zinafika kona zimevunjika. Na mtoto ambaye kwao hakuna hiyo doo anaonekana hana kipaji. Hapo ndipo mimi nawaka. Huo ni mtihani wa mfuko, si wa mikono.

Tupige hesabu. Kwa kipimo cha 1:87, ambacho wapenzi wengi wa reli ndogo duniani hutumia, laga yenye kina cha mita 2 inakuwa kama sentimita 2.3. Hizo ni tabaka sita hivi za katoni ya duka. Katika nchi tambarare kama yetu, povu nene ni la kazi gani?

Bandika katoni tabaka juu ya tabaka, chonga kingo za laga kwa kisu. Funika kwa vipande vya gazeti vilivyolowa gundi ya unga wa ngano. Tia chumvi kidogo isiote kuvu. Jua la kukaushia, walahi, hatununui. Paka plasta nyembamba, kisha gundi nyeupe, halafu nyunyiza mchanga wa hapa hapa uliochekechwa. Hakuna rangi ya dukani itakayoushinda.

Mtasema povu ni jepesi. Kweli, na plasta nene hupasuka ukiibeba kwa tuktuk. Ndiyo maana nasema katoni chini, plasta kidogo tu juu. Lakini povu nalo lina vituko: rangi nyingi za kupuliza hulila, na ukilikata, punje zinapeperuka hadi walipo mbuzi. Na mbuzi hachagui.

Kichekesho kingine: plasta ya paketi ni jasi iliyochomwa ikatoa maji yake, ikasagwa. Jasi hiyo hiyo imelala ardhini El Wak, kaunti jirani. Halafu mtu ananiambia huku hakuna kitu!

Na hii si michezo tu. LAPSSET ilizinduliwa Lamu Machi 2012, na reli yake ilipangwa kupita Garissa kwenda Isiolo. Hadi leo hatujaona treni. Siku ikija, kuna watakaotazama ramani wakiwa mbali na kuona uwanda mtupu. Lakini mvua za Novemba 2023 zilitukatia barabara, kwa hivyo sisi tunajua huo uwanda si mtupu. Una njia za maji. Kijana aliyechonga laga kwa mkono wake atauliza swali la maana: daraja litakaa wapi, na maji yatapita wapi?

Aliyejenga Uswisi atauliza nini? Theluji itayeyuka lini?

Haya, tokeni nje na ndoo. Mchanga ni bure. Na ukibisha, nionyeshe mlima wako wa kijani uko sehemu gani ya Wajir.