Karura: Nani ashike ufunguo wa lango?

Mzozo uliozuka mwezi Agosti mwaka 2025 kuhusu ada ya kuingia msitu wa Karura, jijini Nairobi, ulichukuliwa na wengi kuwa ugomvi mwingine wa mahesabu kati ya serikali na wahifadhi. Lakini kwa maelfu ya wakazi wanaotembea na kukimbia katika vijia vya msitu huo, jambo lenyewe lina uzito zaidi ya risiti ya Sh100.

Ugomvi ulianza pale Shirika la Huduma za Misitu Nchini (KFS) lilipoagiza kwamba malipo yote ya kiingilio yapitie mtandao wa serikali wa eCitizen. Hadi wakati huo fedha hizo zilikuwa zikisimamiwa kwa ushirikiano na chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura. Chama hicho kilipinga agizo hilo, nayo kesi ikafika mahakamani.

Ili kuelewa ni kwa nini wananchi walipandwa na hamaki, yafaa kwanza kuutazama msitu wenyewe.

Karura ina ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000, na imezungukwa na mitaa ya Muthaiga, Runda na Gigiri. Barabara ya Limuru imeukata pande mbili, upande mdogo ukiitwa Sigiria. Ndani mna vijia vya zaidi ya kilomita 50 vya waendao kwa miguu, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Kila njiapanda ina nguzo yenye nambari, hivi kwamba mtu anaweza kujipangia mzunguko wa kilomita tano au kumi na kurejea lango aliloingilia bila ya kukanyaga lami wala kupisha pikipiki.

Njiani atapita maporomoko ya mto Karura, mapango yanayosemekana kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau, na mahali ambapo mikaratusi iliyopandwa enzi za ukoloni inaondolewa polepole ili miti ya kiasili kama mihugu ichukue nafasi yake. Akibahatika atawaona mbega weusi kwa weupe, ambao walirejeshwa humo katika muongo uliopita baada ya kutoweka.

Hakuna mahali pengine jijini panapotoa nafasi ya aina hiyo. Barabara nyingi za Nairobi hazina njia ya waendao kwa miguu, na pale ilipo huwa imetwaliwa na wachuuzi, magari yaliyoegeshwa na bodaboda. Bustani ya Uhuru ilipofungwa mwaka 2021 ili ikarabatiwe, wakazi wa katikati ya jiji walipoteza kwa muda mrefu uwanja wao mkuu wa kupumzikia.

Lakini vijia vya Karura havikuwepo tangu zamani. Katika miaka ya tisini jina Karura lilitisha. Lilikuwa pango la majambazi, na maiti ziliokotwa humo. Wakati huohuo sehemu kubwa za msitu zilikuwa zimegawiwa kisirisiri kwa wastawishaji wa kibinafsi waliotaka kujenga majumba ya kifahari.

Januari 8, 1999, marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake, wakiwemo wabunge, walikwenda kupanda mti langoni. Walishambuliwa na walinzi waliokodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Ghadhabu ya umma ilienea hadi vyuo vikuu, na mwezi Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Ushindi huo ulizuia majumba, ila haukuufanya msitu uwe salama. Hilo lilikuja baadaye, na lilitokana na sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyounda KFS, iliruhusu vyama vya kijamii kushiriki katika usimamizi wa misitu ya umma. Marafiki wa Karura wakajisajili, wafadhili na wakazi jirani wakachangia ua wa umeme, vijana wa vijiji vya karibu wakaajiriwa kuwa walinzi, na mwaka 2011 milango ikafunguliwa kwa umma. Leo wanawake hukimbia humo peke yao asubuhi, jambo ambalo miaka ishirini na mitano iliyopita lingeonekana kuwa wazimu.

Hapa ndipo hoja ya ada inapopata maana. Kijia si kitu kinachotengenezwa mara moja kikaachwa. Mvua za masika hukigeuza kuwa mtaro, mti ukianguka hukiziba, daraja la mbao huoza, na waya wa ua ukikatwa leo wezi huingia kesho. Kazi hizi hazingoji mwaka mpya wa fedha. Mpango wa awali ulifaulu kwa sababu shilingi iliyolipwa langoni haikusafiri mbali kabla ya kufika kwenye kijia.

Serikali nayo haina hoja tupu. Msitu ni mali ya umma, na fedha zinazotolewa kwa ajili ya mali ya umma zastahili kuonekana katika hesabu za umma. Tangu mwaka 2023 Rais William Ruto aliagiza huduma za serikali zilipiwe katika akaunti moja, na lengo la kuziba mianya ya wizi ni jema. Vilevile si siri kwamba chama kinachoendeshwa karibu na mitaa ya matajiri kinaweza kuja kuuona msitu kama ua wa nyuma ya nyumba zao.

Hata hivyo, hoja hiyo inajibu swali la fedha zinakoingia tu. Swali la zitakavyorudi limeachwa likining'inia. Mwananchi aliyekwisha kuona hospitali za umma zikikosa glavu ilhali wagonjwa wamelipa ana kila sababu ya kushuku kwamba ada yake itaishia kwenye mfuko mkuu, na ua ukatike. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika kutunza mazingira. Agizo linaloubadilisha uti wa mgongo wa ushirikiano huo bila ya washirika kuridhia ni vigumu kuliita ushiriki.

Kuna jambo jingine ambalo pande zote mbili hazikulizungumzia vya kutosha. Mtu aliyekuwa akilipa Sh100 kila aingiapo, akikimbia mara tatu kwa wiki, alikuwa akitumia takriban Sh1,200 kwa mwezi. Kwa mkazi wa Runda hiyo ni bei ya chakula cha mchana. Kwa kijana wa Kayole, ambaye pia atapanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, ni anasa. Yeyote atakayeshika lango, iwapo ada itapanda, huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kuachwa nje.

Macho ya vyama vinavyosaidia kutunza msitu wa Ngong Road na bustani ya miti ya Arboretum yameelekezwa Karura, kwani mfumo utakaokubaliwa huko huenda ukafuatwa katika misitu mingine ya jiji. Kwa sasa wanachoweza kudai, na wana haki ya kukidai, ni kuwekwa hadharani kwa mkataba wa usimamizi na hesabu za kila robo mwaka: kiasi kilichokusanywa langoni, na kiasi kilichorudi kwenye vijia.