"Uzee Tu" Si Jina la Ugonjwa

Miaka michache iliyopita mama yangu mkubwa, aliyekuwa na umri wa miaka 78, alianza kuweweseka. Alikuwa mtu mwenye akili timamu, mtunza hesabu za kikundi cha akina mama kijijini, lakini kwa muda wa siku mbili tu akawa hamtambui mjukuu aliyelala naye chumba kimoja, tena akizungumza na watu waliokwisha kufa. Hakuwa na homa. Tulimpeleka hospitali, na daktari kijana aliyetupokea alimtazama kwa dakika chache, kisha akasema kwa upole: "Bibi yetu huyu hana ugonjwa, ni uzee tu. Mrudisheni nyumbani apumzike." Tukamrudisha. Aliyemwokoa ni jirani, muuguzi mstaafu, ambaye aliketi kando ya kitanda akahesabu pumzi zake. Zilikuwa 32 kwa dakika. Ilikuwa nimonia. Baada ya siku kumi za dawa alianza kuuliza ni nani hajalipa mchango wa mwezi ule.

Kisa hiki nakieleza kwa kuwa ndani yake mna elimu ya viumbe ambayo aghalabu hatuifundishi. Mwili wa mzee si mwili wa kijana uliochakaa tu. Kinga yake hujibu maambukizo kwa namna nyingine, hata nimonia huweza kuja bila homa wala kikohozi kikubwa, na dalili ya kwanza ikawa ni kuvurugika akili kwa ghafla. Figo nazo hupungukiwa na uwezo wa kuchuja damu kadiri miaka inavyopita. Daktari hupima kazi ya figo kwa kutazama kiasi cha kreatinini katika damu, nayo kreatinini hutokana na misuli. Sasa mzee aliyekonda ana misuli michache, kwa hiyo hutoa kreatinini kidogo. Kipimo chake chaweza kuonekana cha kawaida ilhali figo zimechoka, na dawa aliyopewa kwa kadiri ya mtu mzima ikarundikana mwilini na kumdhuru. Hapo pia tutasema ni uzee.

Kijana yule sikumlaumu, maana alifundishwa na watu kama mimi. Wala kosa hili si letu peke yetu. Mwaka 1935 daktari Marjory Warren, wa hospitali ya West Middlesex karibu na London, alikabidhiwa wagonjwa 714 waliokuwa katika wodi za nyumba ya maskini iliyopakana na hospitali hiyo. Wengi walikuwa wazee waliolazwa kitandani miaka kwa miaka, wasiopimwa wala kutazamiwa kupona. Warren alimpima kila mmoja, akawatenga kwa maradhi yao, akawainua vitandani na kuwafanyisha mazoezi. Si haba waliorudi makwao. Kutokana na kazi hiyo tiba ya wazee ilipata kuwa fani kamili nchini Uingereza. Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya udaktari wa falsafa niliona matunda yake: mzee mmoja aliyevunjika nyonga alikuwa akishughulikiwa na daktari, muuguzi, mtaalamu wa viungo, mtaalamu wa lishe na ofisa wa ustawi wa jamii, wote wakikutana kila juma kumzungumza yeye.

Msomaji asidhani kwamba elimu hii haina budi kuagizwa kutoka nje kama mashine. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba asilimia 6.4 ya watu wa umri huo, baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, walikuwa na maradhi ya kupotewa na akili ambayo waganga huyaita demensia. Ugumu ulikuwa katika kupima. Vipimo vya ng'ambo vilimtaka mtu aandike sentensi na kunakili michoro. Bibi ambaye hakupata kushika kalamu hushindwa hata kama akili yake ni kali kuliko ya mpimaji! Ndipo kikatengenezwa kipimo kingine: mzee hukariri maneno, hutaja majina ya wanyama, hueleza daraja ni kitu gani, na hupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano. Kipimo hicho kilijaribiwa na nchini Nigeria pia, nacho kikafaa. Huo ndio ubunifu wa kisayansi ninaoutaka kwa vijana wetu, na thamani yake si ya hospitali peke yake. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyounguzwa na moshi wa jikoni, kujua kwa nini bibi anatangatanga usiku ni jambo la uhai na mauti.

Wanafunzi huniuliza kama kazi hii ina nafasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wenye miaka 60 na zaidi, waliokuwa bilioni 1 mwaka 2020, watafikia bilioni 2.1 mwaka 2050, na wengi wao watakuwa katika nchi kama zetu. Aliye kidato cha nne leo atakuwa na umri kama wangu wakati huo. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na zaidi. Lakini sera haihesabu pumzi za mgonjwa. Wanahitajika madaktari, wauguzi, wataalamu wa viungo, wa lishe, wa takwimu na wa ustawi wa jamii. Chuo kilichopo KCMC, Moshi, hufundisha tiba kwa vitendo, yaani kumrudishia mtu uwezo wa kujivika, kujilisha na kujiogesha, na ni wanafunzi wachache niliokutana nao waliopata kuisikia fani hiyo.

Nakiri kwamba wengi wanaoniuliza wana macho yao ng'ambo. Uingereza iliwafungulia mlango watunza wazee wa kigeni mwaka 2022, ikaufunga kwa waombaji wapya walioko nje Julai 2025. Japani ingali inawachukua, kwa mtihani wa ufundi na wa lugha. Simzuii mtu kwenda, nami nilikwenda. Lakini mlango unaofunguliwa na serikali ya wengine hufungwa na serikali hiyo hiyo, na kijana aliyejiandalia mlango huo mmoja hubaki nje na mkoba wake.

Kwa walimu nina ombi. Nilipokuwa sekondari, somo la ukuaji lilimfikisha mwanadamu kwenye balehe na utu uzima, likamwacha hapo. Mwendelezeeni safari. Mtakapofundisha figo, ulizeni figo ya miaka 75 hufanyaje. Mtakapofundisha upumuaji, wapeni wanafunzi kazi ya kuhesabu pumzi za babu na bibi zao wakiwa wazima, nusu saa baada ya kuketi, na kuziandika, ili siku zitakapopanda pawepo mtu nyumbani wa kuligundua jambo hilo.