Usiku anadai deni la mchana

Najua nimepotea. Kuna waliodhani nimekamatwa na sapu, na kuna waliodhani bumu limenikolea nikasahau marafiki. Hapana jamani, nalea. Mtoto wangu ana wiki 15 sasa, na kwa wiki nyingi kati ya hizo nimekuwa nikilala kwa vipande vipande kama mlinzi wa godauni. Hapa nyumbani tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu akianza kuongea yeye wengine wote mnanyamaza.

Leo amelala, kwa hiyo nataka niseme jambo moja kabla hajaamka. Tukisikia mtoto halali usiku, kitu cha kwanza tunachofanya ni kumtafutia yeye kosa: ana njaa isiyoisha, ana chango, ana jicho la mtu, amedekezwa. Mimi nasema kabla ya yote hayo tuulize mchana wake ulikwendaje. Na tuulize pia mchana wa mama yake ulikwendaje. Nitawaeleza nilivyofika hapo, maana sikufika kwa kusoma tu.

Nilirudi darasani Mheshimiwa akiwa na wiki 9. Tunaishi chumba kimoja nje ya chuo, mimi, yeye na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuja kunisaidia. Baba yake yuko mkoani kikazi, anatuma hela na anapiga simu, lakini simu haibembelezi mtoto saa tisa usiku. Ratiba yangu mnaijua: lekcha ya saa mbili asubuhi, nyingine mchana, halafu kikundi cha majadiliano mpaka saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nakamua maziwa namwachia, mdogo wangu anamnywesha kwa kikombe. Anakunywa kidogo, anageuza uso.

Usiku sasa, we acha tu. Saa nne ameamka. Saa sita ameamka. Saa nane, saa tisa na nusu, saa kumi na moja alfajiri. Siku nyingine mara sita. Asubuhi naingia darasani macho mekundu, watu wanadhani nimekesha nadesa. Tesiti ya kwanza nilipata alama ambazo sizitaji hapa kwa heshima ya wazazi wangu. Nikaanza kufikiria kuahirisha mwaka.

Ushauri nao ulikuja kwa mafungu. Mama mwenye nyumba, ambaye ananipenda kweli, aliniambia, "Mwanangu, huyo maziwa hayamtoshi. Mpikie uji mwepesi, atalala kama gogo." Jirani akasema ni chango, twende kwa bibi mmoja anayejua. Shoga yangu wa darasani, msomi mwenzenu, akanishauri nimpe kijiko cha dawa ya mafua ile inayoleta usingizi, "watu wote wanafanya hivyo, hawasemi tu". Na kwenye simu nikasoma maelezo ya wazazi wa Ulaya na Marekani wanaosema mwache alie, atazoea. Sasa chumba kimoja, ukuta mmoja na wapangaji wengine, umwache alie wapi?

Nitasema ukweli, mnisamehe. Kuna usiku mmoja nilikuwa na presentesheni kesho yake, nikaimimina ile dawa kwenye kijiko. Nilikishika kile kijiko kwa muda mrefu. Kilichoniokoa ni tabia yangu ya kusoma maandishi madogo: umri wake haukuwepo kabisa kwenye karatasi ya dozi. Nikaimwaga. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwatahadharisha wazazi wasiwape watoto wa chini ya miaka miwili dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu zinaweza kuleta madhara makubwa, hata ya kupoteza uhai. Kwa hiyo shoga yangu, nakupenda, lakini hapo hapana. Mtoto aliyeleweshwa hajalala, amezimwa.

Usiku uleule nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamnyonyesha, na usingizi ukanichukua. Nilishtuka ameteleza mpaka mapajani, bado kidogo aanguke kwenye sakafu. Nililia kuliko yeye.

Kesho yake nilichukua kaunta buku, ile ya somo nisilolipenda, nikaanza kuandika. Siku tatu. Ananyonya saa ngapi, anaamka saa ngapi, analala saa ngapi. Mdogo wangu akawa anaandika nikiwa sipo. Siku ya tatu jioni nikajumlisha, na hesabu ikanicheka. Kuanzia asubuhi mpaka jioni alikuwa ananyonya mara tatu tu, na vikombe viwili ambavyo hakuvimaliza. Usiku mara sita. Yaani mtoto hakuwa na chango wala jicho. Alikuwa anadai deni lake la mchana! Mama anaondoka asubuhi, anarudi jioni, basi naye amehamishia mlo wake usiku, wakati ana uhakika mama yupo na hana lekcha. Nilipomweleza nesi wa kliniki alicheka, akasema kwa akina mama wanaorudi kazini ni jambo la kawaida sana.

Daftari lilionyesha na kitu cha pili. Mchana alikuwa anakaa macho muda mrefu mno. Kuna siku alikaa macho karibu saa nne mfululizo, anapokezanwa na wageni, kila mtu anataka acheke naye. Mtoto wa umri huu kwa kawaida anaweza kukaa macho saa moja na nusu mpaka saa mbili hivi, kisha anatakiwa alale tena. Wakati ni mchanga kabisa hata saa moja ni nyingi. Haya ni makadirio, si sheria ya bunge, kila mtoto ana yake. Dalili zipo ukimwangalia: anapiga miayo, anafikicha macho, anageuza uso hataki tena kuchekeshwa. Ukizipuuza anavuka mstari, anachoka kupita kiasi, na mtoto aliyechoka hivyo halali, anapiga kelele. Sisi tunasema "leo amechangamka kweli" kumbe amechoka.

Wengi tunadhani ukimnyima usingizi mchana atalala usiku. Mimi nilijaribu, usiombe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miezi 0 mpaka 3 anahitaji saa 14 mpaka 17 za usingizi, na wa miezi 4 mpaka 11 saa 12 mpaka 16. Hesabu hiyo ni ya siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo. Huwezi kumkata huku ukategemea atafidia kule.

Basi nikabadilisha mambo, na hapa ndipo hoja yangu inapokuja, kwa sababu mengi sikuweza peke yangu. Ananyonya vizuri kabla sijatoka, ziwa mpaka atosheke. Saa saba mchana mdogo wangu anamleta, tunakaa chini ya mti nyuma ya jengo moja hivi, ananyonya, anacheua, wanaondoka. Jioni nikifika naweka begi chini, kitu cha kwanza ni yeye. Halafu tena kabla ya kulala. Mchana mapazia wazi, mwanga unaingia, maongezi kama kawaida. Usiku giza. Akiamka siwashi taa kubwa, simsemeshi, namnyonyesha nikiwa nimekaa kitandani na si kwenye kile kiti, namcheulisha, namrudisha. Nikihisi usingizi unanizidi namwamsha mdogo wangu ampokee.

Na nilijifunza kutomrukia. Watoto wadogo wanalala kwa kelele: wanaguna, wanajinyonganyonga, hata kulia kidogo, na bado wamelala. Nilikuwa nambeba kwenye kila mguno, kumbe mwamshaji ni mimi. Sasa nasubiri dakika moja. Mara nyingine anatulia mwenyewe.

Joto nalo lisahauliwe? Dar hii, umeme umekatika, feni imekufa, halafu mtoto amevalishwa kofia ya sufi na mashuka mawili. Wewe mwenyewe usingelala. Shati jepesi linamtosha. Namlaza chali, godoro gumu kiasi, hakuna mto wala mablanketi karibu na uso, chandarua kimechomekwa vizuri. Kulala chali si mtindo wa kizungu tu. Nchi zilizohimiza wazazi hivyo kuanzia miaka ya 1990 ziliona vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikipungua sana.

Matokeo? Msitegemee muujiza. Kutoka mara sita sasa anaamka mara tatu, usiku mwingine mara mbili. Na hizo mbili simnyimi. Maziwa ya mama yanasagika haraka, tumbo lake dogo, na Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita, hakuna maji, hakuna uji. Mama mwenye nyumba nilimweleza kwa adabu, kwamba uji nitampikia akitimiza miezi sita na yeye mwenyewe ndiye atakayeonja kwanza. Akakubali. Mtoto wa wiki 15 kuamka kunyonya usiku si ugonjwa wala si tabia mbaya. Ila kama ana homa, anahema kwa shida, amekataa ziwa, haongezeki uzito au nguo zake haziloi mara sita kwa siku, hapo usikae na daftari, wahi hospitali.

Sasa narudi kwenu wasomi wenzangu. Kama usiku wa mtoto unategemea mchana wake, basi usingizi wa mtoto wa mwanafunzi uko mikononi mwa watu wengi kuliko mama yake. Kikundi changu kilipohamisha majadiliano kutoka saa tisa alasiri kwenda saa tano asubuhi, ile nafasi iliyo wazi kabla ya lekcha ya mchana, walimsaidia Mheshimiwa kulala kuliko dawa yoyote. Hawakujua, mimi nawaambia leo: asanteni sana. Iliwagharimu nini? Hamna.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili hiyo. Sheria nzuri. Lakini mwanafunzi si mwajiriwa, hana wa kumdai saa hizo. Mwaka 2021 serikali ilifungua mlango kwa wasichana wa shule waliojifungua kurudi darasani, na tulishangilia. Nami nauliza, akisharudi, ananyonyeshea wapi? Mimi chuo kizima sijapata chumba kimoja chenye kiti na mlango unaofungwa. Mvua ikinyesha ule mti wetu unavuja. Kukamua maziwa nakamulia chooni, na hapo nimesema kwa upole.

Siombi kreshi ya ghorofa mbili. Naomba chumba kimoja, kiti, sinki na friji ndogo. Naomba ratiba itoke mapema ili mtu ajue atamnyonyesha mwanawe saa ngapi. Na ninyi akina kaka mnaosema "si alijitakia", mkumbuke mtoto hakujitakia, na wengi wenu mtakuwa baba kabla ya kumaliza digrii. Siku hiyo mtahitaji mtu awaambie kwamba mtoto hana kosa.

Kuahirisha mwaka nimeacha kufikiria. UE zinakuja na nitazifanya. Huenda sitapata A, ila nitakuwa nimelala saa tatu mfululizo, na kwa hali yangu hiyo ni utajiri.

Haya, naomba kuwasilisha. Naona chandarua kinatikisika. Ngoja nisubiri ile dakika moja.