Bahari imepata moto, bei ya mwani anapanga nani?



Nina dukuduku ambalo sisi wakulima wa mwani wa Jambiani, Zanzibar, tumelisema sana kwenye vikao vya shehia, wala hatujaona likifika mbali.

Mwani wa kuuza ulianza kulimwa hapa kwetu na Paje mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mama zetu ndio waliotangulia kupigilia mambo na kufunga kamba, na mpaka leo wengi wanaoingia baharini ni wanawake. Zao hili limeezeka nyumba, limesomesha watoto, na limempa mwanamke wa pwani ya mashariki pesa yake mwenyewe. Serikali hulitaja pamoja na karafuu na utalii kila inapohesabu fedha za kigeni. Basi vipi mkulima awe wa mwisho kuulizwa?

Mwani tunaolima ni wa aina mbili. Cottonii ndio wenye bei nzuri, spinosum bei yake ni ya chini, na bahati mbaya cottonii ndio usiovumilia joto. Siku za kaskazi maji yakitoka, yale yanayobaki kwenye vidimbwi hupata moto hata kupita nyuzi 30. Ukishika shina unaliona limekuwa jeupe, limelainika, linakatika mkononi. Umefunga kamba nzima, ukirudi bamvua linalofuata unakuta tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, zinaning'inia tupu. Ndiyo maana wengi tumebaki na spinosum, nao siku hizi hauko salama.

Dk. Flower Msuya ametafiti jambo hili miaka mingi akiwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, na ameonyesha kwamba cottonii unaweza kulimwa kwenye kina kirefu, maji yalipo baridi zaidi, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mfuko mrefu. Tunamshukuru. Lakini kina kirefu kinataka boti na mtu anayejua kuogelea, na wengi wetu tumekulia ufukweni bila ya kufundishwa kuogelea. Boti moja ya kikundi haiwezi kununuliwa kwa pesa ya spinosum.

Tuje kwenye mzani, maana hapo ndipo panapouma. Kilo moja ya mwani mkavu inatokana na kilo kadhaa za mbichi, ulizozibeba kichwani kutoka majini zikikuchuruzikia maji ya chumvi, ukazianika, ukazikusanya mbio kila mvua ilipotishia. Wakala wa kampuni inayonunua anafika, anachukua konzi moja, anaifinya, anasema haujakauka, una mchanga, anakata kilo. Ukibisha, anakukumbusha kuwa kamba na tai-tai ulipewa na kampuni yake, hivyo huna ruhusa ya kumuuzia mwengine. Bei tunaisikia siku hiyohiyo ya kuuza. Mwani huo unakwenda Ulaya, Marekani na Uchina, unasagwa unga wa kugandishia dawa ya meno, aiskrimu na mafuta ya kujipaka. Hasara ya joto ni ya kwetu peke yetu. Kampuni haikatwi hata senti kwa kamba iliyokufa.

Na pa kuanikia napo panapungua. Mwaka jana tuliambiwa na walinzi wa hoteli moja tuondoe mwani wetu mchangani kwa sababu wageni wanalalamikia harufu. Pale wameanika mama zetu kabla ya ukuta wa hoteli hiyo kujengwa.

Na joto hilo la bahari hatukulileta sisi: Afrika nzima haitoi hata asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia, na sisi wa Jambiani hatumo hata kwenye hesabu hiyo. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya tabianchi, na Dubai mwaka uliofuata zikaahidiwa pesa. Bodi ya mfuko huo imepewa makao Ufilipino, kulikotoka mbegu yetu. Je, serikali inapopeleka maombi, kamba zilizokufa za wanawake wa mwani zimeandikwa humo? Nani aliyekuja kutuuliza zilikuwa ngapi?

Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi tunaiomba mambo haya: bei ya chini itangazwe kabla ya msimu na ibandikwe kwa sheha, mzani ukaguliwe, na mkulima awepo panapokatwa kilo, sehemu za kuanikia zipimwe na ziandikwe kwa jina la kijiji kabla mwekezaji mwengine hajapewa ufukwe, na vikundi vikopeshwe boti, pamoja na mwalimu wa kuogelea, mwanamke mwenzetu, ili waume na wazee wasiwe na la kusema. Majibu tunaomba yaletwe kijijini, kwenye mkutano wa hadhara, si kwenye semina ya mjini.

Mkulima wa mwani,
Jambiani, Kusini Unguja