Jibuni Hoja, Wacheni Mgongo Wake

Mwaka juzi nilimtumia mhariri mmoja insha. Nilikuwa nimeandika kwamba hata tukijengewa barabara zote na kupewa kazi zote tunazoahidiwa kila kampeni, binadamu atabaki na njaa fulani isiyoshibika, na ni heri tuseme hivyo waziwazi kuliko kudanganyana. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Halikugusa hoja hata moja. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba ameona kwenye maelezo yangu kuwa niliacha chuo mwaka wa tatu, anaelewa hicho ni kipindi kigumu, na kuna watu ninaoweza kuzungumza nao.

Yaani nilituma hoja, nikaletewa pole.

Ndiyo maana nataka kuwaambia habari za Giacomo Leopardi, mshairi wa Italia, kwa sababu yeye alipewa pole kama hiyo karibu miaka 200 iliyopita. Na wenzake hawakuwa na upole.

Alizaliwa 1798 huko Recanati, mji mdogo wa kilimani uliokuwa chini ya utawala wa Papa. Baba yake alikuwa kabaila mwenye madeni na maktaba ya maelfu ya vitabu. Mapadri walimfundisha nyumbani mpaka 1812, kisha akaendelea peke yake. Kigiriki na Kiebrania alijifunza mwenyewe, na akiwa na miaka 15 alikuwa ameandika historia ya elimu ya nyota. Chuo hakuwahi kusomea. (Sijilinganishi naye, tafadhali. Yeye alikuwa na maktaba ya baba, mimi nina simu na bando la usiku.) Miaka hiyo ya kuinamia vitabu ilimalizika akiwa na kibyongo, macho mabovu na pumzi ya shida. Mwenyewe aliamini ni kusoma kulikomharibu. Madaktari wa siku hizi hushuku ugonjwa wa mifupa. 1819 alijaribu kutoroka kwao, baba akagundua mpango wa pasipoti, safari ikafia hapo.

Sasa, ukimtafuta huyu mtu popote, hadithi utakayopewa ni hiyo hiyo: mgonjwa, mpweke, hakupendwa na wanawake, kwa hivyo akaandika kwamba maisha ni mateso. Hiyo “kwa hivyo” ndiyo inayonikera. Imetiwa hapo kama chumvi kwenye chai.

Alipokuwa hai, mwandishi mwenzake Niccolò Tommaseo alimdhihaki kwa maandishi kuhusu mgongo wake. 1832 jarida moja la Ujerumani likaeleza fikra zake kwa kutumia magonjwa yake. Leopardi aliudhika sana. Mwezi Mei mwaka huo alimwandikia rafiki yake Louis de Sinner, akisema kwa jumla kwamba huo ni woga wa watu wanaotaka kuamini maisha ni mazuri, na akawaomba wasomaji wachambue hoja zake badala ya kuyashtaki maradhi yake. Ombi dogo hilo. Lakini hata mwaka 1923, Benedetto Croce, mhakiki mkubwa kabisa wa Italia, bado alikuwa anaisoma falsafa ya Leopardi kama kilio cha mtu aliyenyimwa maisha.

Basi hoja yenyewe ni ipi? Imo kwenye Zibaldone, daftari lake la kurasa 4,526, ambalo halikuchapishwa mpaka baada ya kifo chake. (Tafsiri kamili ya Kiingereza ilitoka 2013, na ni tofali kwelikweli.) Julai 1820 aliandika hivi, kwa ufupi wangu: kila kiumbe hai hujipenda, na kwa kujipenda hutamani raha. Hatamani raha hii au ile, hutamani raha yenyewe, na tamaa hiyo haina mwisho kwa sababu imefungwa na kuishi kwenyewe. Ila kila raha unayoweza kuipata ina ukubwa wake na muda wake. Kwa hiyo hakuna raha itakayoijaza tamaa. Ukipata pikipiki unataka gari, ndiyo, hilo tunalijua. Yeye anasema tatizo halikuwa pikipiki. Hulitaki hata hilo gari, unataka kitu ambacho hakuna duka linaloweza kukuuzia.

Unaweza kuipinga. Sema tamaa yaweza kufunzwa, kama wanavyosema Mabudha. Sema kuna raha isiyo na mwisho baada ya kifo, kama alivyoamini mama yake. Hayo ni majibu. “Alikuwa na kibyongo” si jibu, kwa sababu hoja haina mgongo.

Najua kuna atakayesema mwili nao hufundisha, na mtu mzima wa afya asingeona alichokiona Leopardi. Nakubali, pengine ni kweli. Lakini mwenye njaa akikwambia unga umeisha, unafanya nini? Unaenda kuchungulia debe. Humwambii “unasema hivyo kwa sababu una njaa.” Njaa ndiyo iliyomfanya achungulie kwanza, na unga upo au haupo.

Halafu mbona mchezo huu unachezwa upande mmoja tu? Kule Florence Leopardi alizungukwa na waungwana walioamini kwamba magazeti, takwimu na reli zitaleta furaha ya watu wote. Hakuna aliyewauliza kama wanaamini hivyo kwa sababu wamelala vizuri na mashamba yanawalipa. Hapa kwetu mhamasishaji anapanda jukwaani na suti, anatuambia umaskini uko akilini, na hakuna anayemshauri aonane na mtu wa kuzungumza naye. Matumaini hayadaiwi cheti cha daktari.

Na kinachochekesha ni kwamba huyo mnayemwita mlalamikaji alikuwa mcheshi. Someni mazungumzo aliyoyaandika 1824 kati ya Maumbile na mtu wa Iceland. Mtu huyo amezunguka dunia nzima akikimbia madhara ya Maumbile: baridi, joto, tetemeko, maradhi. Mwishowe anafika ndani ya Afrika, chini ya mstari wa ikweta, mahali ambapo eti hapajawahi kukanyagwa na binadamu. (Hapo nilikasirika kidogo. Ikweta inapita Nanyuki, na watu walikuwepo. Leopardi hakuwahi kutoka Italia.) Anamkuta Maumbile ameketi, mwanamke mkubwa kama mlima, na anamshtaki: ukinialika kwako, si ungenitunza, ama basi usiniumize? Maumbile anamjibu, kwani ulidhani dunia iliumbwa kwa ajili yako? Kabla mabishano hayajaisha wanatokea simba wawili waliokonda kwa njaa hata nguvu za kumla zinawasumbua, lakini wanamla, wanapata kuishi siku moja zaidi. Ama, wengine husema, upepo ulimfukia mchangani, akakauka vizuri, sasa yuko kwenye jumba la makumbusho Ulaya.

Mtu anayezama kwenye uchungu wake haandiki simba wa namna hiyo.

Wala hakukaa tu akilia. Alifanya vibarua vya kuandika kama sisi: mchapishaji Stella wa Milan alimlipa kwa mwezi, akamwandikia ufafanuzi wa mashairi ya Petrarca na mkusanyiko wa nathari ya Kiitaliano. Kitabu chake cha mazungumzo kilishindania tuzo Florence 1830, kikakosa. Napoli nako serikali ikazuia maandishi yake. 1836, mwaka mmoja kabla hajafa akiwa na miaka 38, aliandika chini ya Vesuvius shairi kuhusu kichaka cha maua ya manjano kinachoota juu ya zaha iliyopoa. Humo anasema adui wa watu ni Maumbile, basi watu washikane mikono na waache kulaumiana wao kwa wao. Hayo yanatoka kwa yule mliyesema amekata tamaa.

Mhariri wangu sijamjibu. Ile insha niliituma kwingine wiki jana, kurasa sita zile zile. Pale walipoomba maelezo ya mwandishi nimeweka jina peke yake.