Konza: Pundamilia Bila Tikiti

Leo sikupeleki Masai Mara. Pandeni matatu ya barabara ya Mombasa, wewe na watoto, mteremkie Konza, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi.

Waketishe dirishani. Ukishapita Athi River utaona pundamilia na kongoni wakila nyasi karibu na ng'ombe wa ranchi na, ukibahatika, twiga. Hakuna kiingilio kwa kuwa hapa si mbuga ya taifa. Nyasi hizo ni za wenye ranchi, na mwenye shamba akiuza, ameuza. Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za Malili ili ijenge mji wa teknolojia. Kitinda mimba wangu aliniuliza pundamilia watahamia wapi. Nilimnunulia ndizi.

Stesheni ya Konza ndiko reli ya Magadi inakochepukia. Mbele, huko Kima, simba alimuua afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, ndani ya behewa mwaka 1900. Alikuwa akimvizia simba huyo, usingizi ukamwiba! Behewa lenyewe limo katika makumbusho ya reli Nairobi; lipitieni mkirudi.

Bebeni maji na kofia. Kivuli huko ni haba.