Lubumbashi: Wanawake na kemia, kati ya kupimwa na kupima

Kati ya mwaka 2013 na 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na wenzao wa Ubelgiji walipita katika nyumba za uzazi za mji huu wakitafuta jibu la swali ambalo wamama wengi wamejiuliza kimyakimya: kwa nini mtoto wangu amezaliwa hivi? Waliandikisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro ya mwili inayoonekana, na wengine 108 wasiokuwa nayo. Wakapima metali katika mkojo na damu ya mama, na katika damu ya kitovu. Matokeo yalitoka mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health.

Jambo lililojitokeza zaidi halikuwa la mama. Lilikuwa kazi ya baba. Pale ambapo baba alifanya kazi inayohusiana na madini, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro ulipanda zaidi ya mara 5. Hesabu hiyo ichukuliwe kwa uangalifu, maana watoto waliochunguzwa si wengi, na mambo mawili kwenda pamoja haimaanishi kwamba moja limeleta lingine. Hata hivyo, yeyote aliyekulia katika kartie za Katuba, Kenya au Ruashi anajua uzito wa habari hiyo. Mtoto akizaliwa na kasoro, macho ya kwanza yanamgeukia mama. Alikula nini? Alikwenda wapi? Ukoo wao una nini? Ndoa zimevunjika kwa maswali hayo. Utafiti huu ulikuwa na sababu ya kumuuliza baba pia, na kazi yake.

Ndiyo maana kila tarehe 11 Februari inapofika, Siku ya kimataifa ya wanawake na wasichana katika sayansi iliyowekwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, hotuba za kupeana maua hazitoshi kwa mji kama wetu. Kemia, ile tuliyoizoea shuleni kwa jina la shimi, kwetu haiko kitabuni tu. Iko hewani, iko kwenye vumbi la barabara na ndani ya ndoo ya maji.

Lubumbashi ilizaliwa na tanuru. Shaba ya kwanza ilitoka hapa mwaka 1911, na bomba refu la moshi pamoja na mlima wa takataka za tanuru bado ndiyo picha ya mji. Siku hizi viwanda vingi havitumii moto kama zamani, vinatumia asidi. Mawe yanasagwa, yanalowekwa katika asidi ya salfuri, shaba na kobalti vinayeyuka, kisha umeme unaivuta shaba na kuigandisha katika mabamba. Kinachobaki ni maji makali yenye mabaki ya metali, na hayo lazima yazuiliwe katika mabwawa. Bwawa likivunjika, kila kitu kinaenda mtoni na mitaani. Novemba 2025 serikali ilisimamisha kazi za kampuni ya CDM kisha maji ya kiwandani kumwagika katika vitaa vya Lubumbashi, upande wa Kasapa, mahali palepale palipo kampasi ya chuo kikuu.

Siku kama hiyo, nani anateka maji? Nani anafua, nani anaosha mboga, nani analima bustani kando ya mto? Jibu kila mtu analo. Lakini kuna swali la pili linaloulizwa mara chache: nani ana uwezo wa kuyapima maji hayo na kusema kwa uhakika yana nini?

Tunao watu wa kazi hiyo, na wamefanya makubwa. Timu ya profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, bingwa wa elimu ya sumu pale UNILU, ilionyesha mwaka 2009 kwamba wakaaji wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kiasi kikubwa mno cha kobalti mwilini. Mwaka 2018, utafiti wao wa Kasulo, ile kartie ya Kolwezi ambapo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, ulikuta watoto wana kobalti katika mkojo mara 10 kuliko watoto wa mahali pengine. Dunia nzima inayotumia betri za simu na magari iliyasikia hayo.

Ila tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Mkojo na damu zilitoka Kolwezi na Lubumbashi. Mashine zilizozisoma ziko Ubelgiji. Wanawake wa hapa wamo katika tafiti hizo kwa wingi, wengi wao wakiwa wenye kutoa damu na mkojo. Simlaumu mtafiti yeyote, bila wao tungekuwa gizani. Lakini anayeshika chombo ndiye anayeamua kipimwe nini na lini, na matokeo yasomwe kwa nani kwanza.

Mama anayeosha madini anaelewa jambo hili vizuri kuliko sisi wenye diplome. Katika karieri za Katanga wanaume ndio hushuka shimoni zaidi, na wanawake hukaa mtoni wakiosha na kuchagua mawe, mikono majini kutwa nzima. Madini yakifika depo, mnunuzi anatoa mashine ndogo ya mkononi inayojulikana kwa jina la Metorex. Inarusha miale kwenye jiwe, inasoma miale inayorudi, na kiasi cha shaba au kobalti kinatokea kwenye kioo. Bei ya siku inatoka hapo. Malalamiko kwamba mashine inasoma chini kuliko ukweli ni ya siku nyingi. Muuzaji hana mashine ya pili ya kulinganisha, wala mtu wa upande wake anayejua inavyofanya kazi. Hiyo nayo ni kemia, na inaamua kama watoto watakula ugali na nini jioni.

Katanga si ngeni katika historia ya wanawake wa kemia, ingawa jina letu hutajwa mara chache. Mwaka uleule wa 1911, tanuru la Lubumbashi lilipotoa shaba yake ya kwanza, Marie Curie alipokea tuzo ya Nobel ya kemia kwa kugundua radiamu na poloniamu. Miaka 4 baadaye Mwingereza Robert Sharp alikuta urani Shinkolobwe, karibu na Likasi. Tangu 1922 kampuni ya Union Minière ikawa inatoa radiamu kutoka mawe hayo katika kiwanda chake cha Olen, Ubelgiji, na bei ambayo mwaka 1921 ilikuwa karibu dola 100 000 kwa gramu moja ikaporomoka. Curie alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na miale aliyofanya nayo kazi, na binti yake Irène Joliot-Curie akapata Nobel ya kemia mwaka uliofuata. Daftari za Curie zimehifadhiwa kwa tahadhari mpaka leo kwa sababu bado zina miale. Waliobeba mawe ya Shinkolobwe kwa mikono hawakuachiwa daftari.

Tangu 1901 mpaka 2025, wanawake 8 tu wamepata Nobel ya kemia, kati ya watu karibu 200. Hakuna Mwafrika kati yao. Si kwamba Afrika haina wanakemia wanawake. Tebello Nyokong wa Lesotho, ambaye utotoni alikuwa akipishanisha siku, leo shule, kesho kuchunga kondoo, alipata tuzo ya L'Oréal-UNESCO mwaka 2009. Mwaka 2021 tuzo hiyo ilikwenda kwa Catherine Ngila wa Kenya, na kazi yake inatugusa moja kwa moja: mbinu za kutambua uchafu katika maji hata ukiwa kidogo sana. Msichana wa Lubumbashi anayetafuta mfano haendi mbali. Ngila ni wa nchi ambayo tunaongea nayo lugha moja.

Ulimwenguni, kufatana na UNESCO, mwanamke ni mtafiti mmoja kati ya watatu. Kwetu njia inakatika mapema, kabla ya chuo kikuu. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 inahusu shule ya msingi. Sekondari wazazi bado wanalipa minervali. Pesa zikipungua, familia inahesabu, na katika hesabu hiyo seksio ya kemia na biolojia inaonekana njia ndefu kwa binti ambaye, wanasema, ataolewa tu. Anaelekezwa ushonaji, ualimu au biashara. Sidharau kazi hizo. Ninachouliza ni nani alimchagulia.

Anayeshikilia kemia naye anakutana na ubao. Shule nyingi zinafundisha shimi bila labo: mwanafunzi anakariri valensi na kusawazisha milinganyo, anafaulu Egzameni ya Serikali, na hajawahi kuona asidi ikibadili rangi ya karatasi ya litmasi. Kijana wa kiume ana nafasi ya kuziba pengo hilo kiwandani, kwa mjomba au rafiki wa baba. Msichana, mara nyingi, hapana. Raïssa Malu, mwanafizikia aliyeanzisha Wiki ya Sayansi na Teknolojia nchini mwaka 2014, aliingia serikalini mwaka 2024 kama waziri wa elimu ya taifa. Anaujua ugonjwa huu kuliko mawaziri wengi waliomtangulia, na kwa hiyo ana haki ya kuulizwa zaidi: labo ziko wapi?

Jibu la kawaida ni kwamba pesa hakuna. Kwa Kinshasa labda. Kwa Haut-Katanga na Lualaba, majimbo yanayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya nchi inayoongoza duniani, jibu hilo halisimami. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaidai kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Juu ya hiyo kuna daftari la majukumu ambalo kampuni inasaini pamoja na wakaaji. Sheria ya usawa ya tarehe 1 Agosti 2015 nayo inadai mwanamke apewe nafasi sawa katika elimu na kazi.

Wakaaji wanapoitwa kwenye vikao vya daftari hilo, maombi yanajulikana: madarasa, zahanati, visima. Yote yanahitajika. Lakini kisima kinachochimbwa karibu na kiwanda bila mtu wa kupima maji yake mwaka baada ya mwaka ni nusu ya kazi. Kupima ukali wa asidi hakuhitaji mashine ya Ubelgiji. Mwanafunzi wa sekondari aliyefundishwa vizuri anaweza kufanya hivyo, na kuandika tarehe na namba. Kobalti na urani vinahitaji vyombo vya bei, na hivyo mahali pake ni chuo kikuu, mikononi mwa watu waliolipiwa masomo mpaka mwisho. Hakuna kifungu kinachokataza daftari la majukumu kuandika mstari mmoja wa labo ya maji, na mwingine wa minervali ya wasichana 20 wa seksio ya kemia na biolojia kutoka vitaa vilevile vinavyopokea maji ya kiwanda.